Nimemlipa mtu laki 7 arekebishe ramani ya nyumba yetu Goba, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu jamani. Kuna watu niliwaahidi kwamba kazi ikiisha nitaandika, na sasa ramani ishapita manispaa, msingi tumenyanyua, wiki hii tunajaza kifusi, kwa hiyo naongea kitu ambacho nimekiona kwa macho yangu. Naomba mnielewe hii ni huduma ya kurekebisha ramani, sio kuchora ramani mpya, maana sisi ramani tulikuwa nayo, tena tulikuwa tunaipenda, na tulibakiza wiki moja tu tuanze kuchimba.

Kiwanja kiko Goba, mita 20 kwa 30, ule upande wa 20 ndo unaopakana na barabara na barabara iko magharibi. Wanaopajua Goba wanavijua vile vilima, cha kwetu kinashuka kutoka kaskazini kwenda kusini kama mita 1.6 hivi ukitoka mpaka mmoja hadi mwingine. Nyumbani tuko sita, mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 14, mapacha wa kiume wa miaka 8, na mama mkwe wangu ambaye tulimchukua Pangani baada ya magoti kuanza kumsumbua. Tumepanga Tabata mwaka wa tisa huu na hela ya ujenzi tunaikusanya kidogo kidogo, yaani hakuna hata tofali moja ambalo halina historia yake.

Ramani ya kwanza tulinunua mtandaoni laki 1 na nusu. Picha ya 3D ilikuwa inavutia sana, paa la kuficha (lile bati linalojificha nyuma ya ukuta wa juu), vioo virefu mbele, taa ukutani, mume wangu aliiweka kwenye kioo cha simu yake na kila mgeni akija lazima aonyeshwe. Vyumba vinne, sebule, dainingi, jiko, stoo, gereji. Sina ugomvi na aliyeichora, yeye alichora nyumba nzuri, ila alichora nyumba ambayo haimjui mtu yeyote na haijawahi kuona kiwanja. Na aliyelisema hilo wa kwanza ni fundi wetu, mzee mmoja ambaye kajenga nyumba nyingi huko Goba na Madale, alikuja siku ya kupiga hesabu ya nondo akaigeuzageuza ile karatasi akasema mama, mi naweza kuijenga hii kama ilivyo nikachukua hela yangu, lakini nyie mna mzazi humu ndani na kiwanja kina mteremko, hebu mtafuteni mtu aiangalie kabla sijashika jembe. Mungu amlipe yule mzee.

Ndo tukampata huyu dada. Ni mbunifu majengo, ana kaofisi kadogo upande wa Sinza, na kitu cha kwanza nilichofanya nilihakikisha kasajiliwa na ile bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, AQRB. Hilo nawasihi mlifanye, usimpe mtu nyumba yako kwa sababu ana picha nzuri kwenye simu. Bei tulikubaliana laki 7, nusu mwanzo nusu mwisho, ndani yake kuna kuja nyumbani, kwenda kiwanjani mara mbili, marekebisho raundi tatu na karatasi za kupeleka manispaa.

Siku ya kwanza akasema hataki kukutana ofisini, anataka kuja tunapoishi sasa hivi. Kaja Tabata Jumamosi asubuhi, kaamkia shikamoo mama, kakaa, kanywa chai, na kwa saa nzima ya kwanza ramani hakuifungua. Alikuwa anauliza tu. Saa kumi na moja alfajiri nani anaamka wa kwanza, anaenda wapi, anawasha taa gani. Mama mkwe ndo anaamka kwanza, anakwenda kutawadha, na kwa ile nyumba ya kupanga anapita mlango wa watoto na taa ya korido inawamulika usoni, kwa hiyo mama amezoea kwenda gizani akipapasa ukuta, na mimi miaka yote nilikuwa sijui kama anapapasa ukuta. Nilisikia siku ile akimjibu mgeni. Iliniuma sana kusema ukweli.

Akaendelea. Samaki unawaparulia wapi? Nazi unakunia wapi? Mkaa unawasha wapi gesi ikiisha au siku ya shughuli ukitaka sufuria kubwa? Nguo zinaanikwa wapi mvua ikinyesha? Watoto wakitoka shule viatu wanavua wapi? Akija mgeni wa mume wako ambaye hamjamzoea anakaa wapi na nyie mnapita wapi? Yote anaandika kwenye daftari. Halafu akatoa futi akaanza kupima, sofa, friji, kabati la nguo, kitanda, meza ya kulia, hadi lile beseni kubwa la kufulia.

Ndo sasa akafungua ramani yetu mezani, na hapa naomba mkae nami kidogo kwa sababu ndo palinifungua macho. Akaniambia dada, chumba cha mapacha hapa kimeandikwa mita 3 kwa 3. Lakini hii 3 imepimwa katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Tofali la inchi 6 ni kama sentimita 15, weka na plasta sentimita moja na nusu kila upande, ukuta unakuwa 18, kwa hiyo ndani unabaki na mita 2.82. Haya, weka kitanda cha futi 5 kwa 6, urefu wake ni mita 1.83. Mbele yake weka kabati la nguo, sentimita 60. Toa. Imebaki sentimita 39. Akachukua futi akavuta hadi 39 akaishika hewani kati ya kitanda chetu na ukuta akaniambia pita. Nikapita kwa ubavu. Akasema sasa fungua mlango wa kabati. Haufunguki. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni anaangalia, hakusema neno.

Kisha akachukua kalamu ya rangi ya chungwa akaipaka korido yote, yaani ile sehemu ambayo haifanyi kazi nyingine zaidi ya kupita. Ilikuwa mita 1.2 kwa mita 11 na nusu, inatoka mlango wa mbele inakata nyumba nzima hadi nyuma, ukizidisha ni skwea mita 13.8. Chumba cha watoto wawili ni skwea mita 9. Yaani tulikuwa tunakwenda kuwajengea hewa chumba kikubwa kuliko tuliowazaa. Na hiyo korido haina dirisha hata moja, taa ingewaka mchana.

Nikiwa bado nalitafakari hilo akahamia kwenye jua. Ramani yetu vile vioo virefu vinatazama mbele, na mbele kwetu ni magharibi. Kwenye ile picha haijaandikwa magharibi, picha haina jua, jua wanaliweka wanapotaka. Alitueleza hivi na mi naeleza kama nilivyoelewa: Dar tuko kama nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana mwezi wa 6 linaegemea kaskazini, mwezi wa 12 linaegemea kusini, na katikati hapo mwezi wa 3 na wa 10 kuna siku linapita utosini kabisa. Hilo la mchana halisumbui sana kwa sababu liko juu, bati likitokeza kama sentimita 80 hivi nje ya ukuta kivuli kinapatikana. Linaloua ni la kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, hilo linakuja chini chini kutoka magharibi, linaingia chini ya bati, linapiga kioo, linapiga ukuta, na ukuta wa tofali unalihifadhi lile joto unakurudishia saa nne usiku ukiwa umelala. Mtu yeyote aliyelala kwenye chumba cha magharibi hapa mjini mwezi wa pili anajua nachosema.

Na upepo. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na kaskazi ndo tunaihitaji zaidi kwa sababu inakuja Desemba hadi Februari kwenye joto lenyewe. Zote zinatoka upande wa mashariki, na ramani yetu mashariki ilikuwa imeweka nini? Gereji na stoo. Gari lenyewe hatuna.

Kwa hiyo nyumba ikageuzwa. Badala ya kukaa kwa upana kuelekea barabarani ikakaa kwa urefu kuingia ndani ya kiwanja, mita 11 kwa 15 na nusu, kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Vyumba vya kulala, chetu na vya watoto, vimekwenda mashariki. Sebule na dainingi ziko katikati zimeungana, zina madirisha pande zote mbili, kaskazini na kusini, upepo unaingia huku unatokea kule. Jiko limekwenda pembe ya kaskazini magharibi, na sababu yake niliipenda, kwamba kwa vile kusi na kaskazi zote zinatoka mashariki, harufu ya dagaa na moshi zinatokea upande wa barabarani badala ya kurudi sebuleni. Gereji imefutwa, kuna sehemu ya kuegesha gari uani siku tukijaaliwa. Korido imebaki mita 4 na nusu tu mbele ya vyumba vya watoto, chumba cha mapacha kimekuwa 3.6 kwa 3.6, vitanda viwili vya futi 3 na nusu vinaingia na katikati wanabaki na mita na zaidi ya kuchezea.

Hapo hapo na mteremko ukapona, hilo hata fundi alifurahi. Ramani ya zamani ilikuwa na upana wa mita 15 unaokwenda na mteremko, upande wa chini ungenyanyuliwa kama mita 1.2 za msingi na kifusi. Sasa upana ni 11, kimo kimeshuka hadi kama sentimita 90. Mnaojenga mnajua trip za kifusi zinavyokula hela kimya kimya. Na nyumba nzima imepungua kutoka skwea mita 205 hadi kama 170, fundi akapiga hesabu upya tofali zikapungua kama 700, na bado kila chumba kimoja kimoja ni kikubwa kuliko mwanzo. Mume wangu alirudia hesabu hiyo mara tatu na kalkuleta.

Kwenye paa ndo walishindana. Mume wangu alilipenda sana lile paa la kuficha, alisema ndo nyumba za kisasa. Yule dada hakumbeza hata kidogo, alimwambia linajengeka vizuri likipata fundi mzuri na mfereji mpana wa kutosha, ila maji yote ya mvua yanakusanyika ndani ya nyumba kabla ya kutoka nje, nyuma ya ule ukuta wa juu, majani yakiziba mfereji maji hayana pa kwenda zaidi ya kwenye jipsam. Sisi Tabata tunakaa kwenye paa la hivyo, kila masika dari ya sebule inachora ramani ya kahawia. Akamuuliza kaka, kabla ya masika na kabla ya vuli lazima mtu apande juu akasafishe, mwaka huu utapanda wewe, je ukiwa na miaka 65? Mume wangu akasema nitafikiria. Kesho yake asubuhi akiwa anavaa viatu akaniambia mwambie aweke bati la kawaida litokeze. Paa sasa lina pande nne, mabonde mawili tu badala ya saba, yaani pale pande mbili za bati zinapokutana kwa chini, na hayo mabonde ndo mahali bati linapovuja siku zote.

Madirisha nilijifunza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Haya ya aluminiamu ya kuslaidi tunayoweka wote, ukinunua la mita 1.5 linafunguka nusu tu, nusu nyingine imefunikwa na kioo muda wote, kwa hiyo hewa unayoilipia ni ya sentimita 75. Vyumbani ametuwekea yanayofunguka kama mlango, yote yanafunguka, grili zinakaa kwa ndani na wavu wa mbu pia. Ni ghali kidogo, tumeweka vyumbani tu, sebuleni tumebaki na ya kuslaidi lakini makubwa zaidi.

Vyoo sasa. Kwanza mlango wa choo cha wageni ulikuwa unatazama meza ya kulia chakula uso kwa uso, umehamishwa. Pili, na hili nilifurahi hadi machozi yalinilenga, aliuliza mwenyewe bila kuambiwa kama tunaswali na kama tungependa masinki ya choo yasielekee kibla. Kwa Dar kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, na ramani ya kwanza masinki yote matatu yalikuwa yanatazama kaskazini au yameipa kaskazini mgongo. Ukishamwaga zege na kupitisha bomba huwezi tena kugeuza. Yote sasa yanatazama mashariki au magharibi. Tatu, vyoo vyote vimepangwa upande wa kusini, cha kwetu na cha watoto vinashirikiana ukuta, na bomba la inchi 4 linakwenda mstari mmoja ulionyooka hadi shimo lililo karibu na geti. Zamani bomba lingezunguka nyumba pande tatu na shimo lilikuwa nyuma kabisa ambako gari la majitaka lisingefika. Mteremko wa bomba alisema sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja, kwa mita 15 ni 37 na nusu, akaiandika kabisa kwenye mchoro ili fundi bomba asikadirie kwa jicho.

Jiko limepata kibaraza cha nyuma upande wa kaskazini, upana mita 2.4, kina karo la kufulia, sehemu ya jiko la mkaa, na kaukuta kafupi ka kukalia. Mtu wa nje anaweza kuona ni kitu kidogo, ila mimi nusu ya maisha yangu ya nyumbani ni pale, kukuna nazi, kuparua samaki, kuchambua mchele, kuongea na jirani. Ramani ya kwanza ilinipa jiko la kwenye majarida lenye kisiwa katikati na haikunipa mahali pa kuweka mbuzi ya nazi.

Sasa niwaeleze siku ya kiwanjani maana kwangu mimi pesa yote nililipia siku ile. Raundi ya pili ya michoro ilipokuwa tayari, akasema twende wote, na mama aje. Alikuja na vigingi, kamba na mfuko wa chokaa, yeye na fundi wetu wakachora nyumba yote chini kwa ukubwa wake halisi, kuta kwa chokaa, milango wakaacha wazi. Ilichukua kama saa mbili na nusu. Halafu akatuambia ishini. Mapacha wakakimbilia chumbani kwao wakalala chini kupima vitanda. Binti yangu akasimama kwenye chumba chake akanyoosha mikono akasema mama hapa meza ya kusomea itakaa. Mimi nikatembea kutoka jikoni hadi dainingi nimebeba beseni kama nimebeba chakula, hatua nane. Mama tulimwekea kiti cha plastiki katikati ya chumba chake, pembe ya kusini magharibi, akakaa, kimya, akaangalia kushoto na kulia, akauliza dirisha langu liko wapi. Akaonyeshwa kusini. Akasema sawa, la upepo nimelipata, lakini nyinyi mkiwa kazini mimi kazi yangu ni kuona nani kaingia getini. Yule dada akachuchumaa pale kwenye kiti kwa urefu wa macho ya mama, akaangalia geti, akasimama, akachora kwa kijiti dirisha la pili jembamba upande wa magharibi, pale ambapo kibaraza cha mbele kinalifunika ili jua la jioni lisiingie sana, akasema na hapa mbele mtapanda mwarobaini.

Halafu mama akauliza swali lingine, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anauliza bei ya ndizi. Mwanangu, mtu akifa humu ndani mnamtoaje?

Sote tulinyamaza. Mume wangu akasema mama jamani. Yule dada akamwambia kaka, mama kauliza swali la maana. Akachukua ubao wa futi 7 uliokuwa kwenye tofali, mafundi wawili wakaushika huku na huku kwa kimo cha mabega, akawaambia anzieni chumbani kwa mama mtoke hadi kibarazani bila kuuinamisha na bila kukanyaga chokaa. Hawakuweza. Pale mlango wa chumba ulipokutana na ule ukumbi mdogo wa mita 1.1 ubao uligonga, ikabidi waunyanyue wima. Akafuta chokaa kwa mguu, akasogeza mlango sentimita 30, akapanua ukumbi hadi mita 1.4, wakarudia. Ukapita, umelala vilevile, taratibu. Mama akaitikia kwa kichwa akasema haya, na godoro nalo litapita. Na kweli, godoro, friji, kabati, mgonjwa anayeshikwa huku na huku, vyote vinapita hapo hapo. Mlango wake ni sentimita 90, hakuna ngazi kutoka kitandani kwake hadi chooni wala hadi kibarazani, bafu halina kizingiti, na swichi ya taa iko pembeni ya kitanda chake na nyingine mlango wa choo ili asipapase tena ukuta.

Tukaulizana na msiba, na shughuli ya ndoa ya binti inshallah, wanawake wangapi watakaa chini kwenye mikeka tukitoa sofa. Akapima kwa hatua sebule na dainingi pamoja, akasema kwa sababu hakuna ukuta katikati mnaweza kukaa watu 40 bila kubanana, na wanaume turubai lao linakaa uani upande wa kaskazini ambako tumeacha nafasi.

Haya, na yale ambayo sikuyapenda, maana nikisema mazuri tu nitakuwa sijawatendea haki. Alituahidi wiki mbili, zikawa tano. Alichukua kazi nyingine katikati na hakutuambia hadi nilipompigia mimi, na wakati huo fundi wetu alikuwa amekaa anasubiri na alikosa kazi kwa ajili yetu, hilo lilinikera na nilimwambia, akaomba radhi. Pili, mchoro wa umeme wa kwanza ulikuja bila soketi ya friji mahali tulipokubaliana na maandishi yalikuwa madogo hadi fundi umeme akapiga picha akazumu na simu, alirekebisha bure lakini isingetakiwa kutokea. Tatu, hesabu za nondo na nguzo zinafanywa na injinia na hiyo ni hela nyingine, sisi ilikuwa laki 3, na alitutajia tukiwa tumeshafika mbali. Muulizeni mtu wenu mapema kilichomo na kisichomo kwenye bei.

Alikataa pia vitu viwili nilivyovitaka sana. Nilitaka kila mtoto awe na choo chake, akasema naweza kuchora ila kila choo ni bomba, ni vigae, ni chemba, ni sehemu nyingine ya kuvuja na wewe ndo utakayesugua. Na nilitaka jiko la gesi likae chini ya dirisha niwe naangalia nje nikipika, akasema hapana, upepo utakuwa unapeperusha moto kila siku na pazia liko juu ya moto, pale weka sinki la vyombo uangalie nje ukiosha. Kwenye choo nilinuna siku mbili. Kwenye jiko alikuwa sahihi hapo hapo.

Kwa mtu anayejenga chumba na sebule aanzie maisha, sidhani kama ni lazima alipe hela yote hii, ila hata yeye anunue chokaa mfuko mmoja akachore chini kabla ya kuchimba. Kwa mtu mwenye mzazi mzee, au kiwanja cha mteremko, au aliyenunua ramani mtandaoni kama sisi, mimi nampa huyu dada nyota nne kati ya tano, ya tano nimeiondoa kwa zile wiki tatu.

Anayetaka namba yake aje inboksi nitampa, ameniruhusu, lakini Jumapili hapokei simu kabisa. Na mkienda naye kiwanjani chukueni na wazee wenu, wapelekeeni kiti cha plastiki na mwamvuli, na muwe na ubao wa futi 7 pale.